Jinsi ya kutoa maoni kwa hadithi fupi ya kisayansi ya mwandishi chipukizi

Mwandishi chipukizi akikutumia hadithi yake na kukwambia "niambie ukweli", kuna majibu mawili yasiyomsaidia hata chembe. La kwanza ni "nimeipenda sana, endelea hivyo hivyo". La pili ni mswada uliojaa wino mwekundu kuanzia kichwa cha habari hadi nukta ya mwisho. La kwanza halimpi cha kufanya. La pili linampa kazi nyingi kiasi cha kutojua pa kuanzia. Anachohitaji ni kitu ambacho hawezi kujipatia hata akiisoma hadithi yake mara mia: habari za yaliyompitia kichwani mtu aliyeisoma bila kujua mwandishi alikusudia nini. Wapi alinogewa, wapi alipotea, wapi aliacha kuamini.

Hadithi za kisayansi zina ugumu wake wa ziada. Mwandishi anajenga ulimwengu na kusimulia kisa kwa wakati mmoja, na msomaji akikutana na jambo la ajabu hana hakika kama ni kosa au ni kidokezo cha kitakachokuja. Kwa hiyo ukiwa mtoa maoni una kazi mbili: kusema ulipokwama, na kusema ulikwama kwa sababu gani.

Hatua ya 1: Uliza kabla hujafungua mswada

Maswali manne yanatosha. Hii ni rasimu ya ngapi? Unataka kuipeleka wapi? Kuna jambo linalokutia wasiwasi? Unahitaji majibu lini?

Jibu la swali la kwanza linabadilisha kazi nzima. Rasimu ya kwanza haihitaji kusahihishwa alama za mkato, kwa kuwa aya unayoihangaikia huenda ikafutwa wiki ijayo. Rasimu ya tano inayokwenda kwa mhariri keshokutwa nayo haihitaji kuambiwa kwamba kisa kingenoga zaidi kama msimulizi angekuwa mtu mwingine. Muda wa hayo umepita.

La pili linagusa pia urefu. SFWA, chama cha Marekani cha waandishi wa hadithi za kisayansi na fantasia kinachotoa tuzo za Nebula, huhesabu hadithi fupi kuwa ile isiyofika maneno 7,500. Kuanzia hapo hadi 17,500 ni kundi jingine, na kutoka 17,500 hadi 40,000 ni jingine tena. Majarida na mashindano nayo yana mipaka yake. Mtu aliyekuletea maneno 12,000 akiyaita hadithi fupi anapaswa kulijua hilo mapema, kabla hujamshauri aongeze sehemu ya utoto wa mhusika mkuu.

La tatu lina mtego. Akikwambia "nina wasiwasi na mwisho", utausoma mwisho kwa jicho la shaka hata kama hauna tatizo. Ni bora umwombe aandike wasiwasi wake chini kabisa ya mswada, baada ya neno la mwisho, ili uukute ukiwa umeshasoma.

Kama huna nafasi, au hadithi za roboti na vyombo vya anga hazikupandi kabisa, sema hapo hapo. Haimsaidii mtu kusomewa na aliyekereka tangu mstari wa kwanza.

Hatua ya 2: Soma mara moja bila kusahihisha

Tafuta saa moja tulivu, usome kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kusimama. Usiandike maelezo, weka alama pembeni tu. Mimi hutumia nne: mstari pale paliponinogea, alama ya kuuliza pale nilipopotea, herufi S pale nilipojisemea "siamini", na nukta pale macho yalipoanza kuruka mistari.

Ile nukta ina thamani kuliko zote tatu nyingine, na ndiyo watu huificha kwa adabu. Wanaona aibu kumwambia mtu kwamba hadithi yake iliwachosha. Lakini ukimwambia "kutoka nusu ya ukurasa wa tatu hadi mwanzo wa ukurasa wa nne macho yangu yalikuwa yanaruka", umempa kipande kamili cha kukifanyia kazi, na hujamtukana.

Ukimaliza, funga mswada na uandike kisa chote kwa sentensi tatu au nne, kutoka kichwani. Usirudi kuchungulia. Muhtasari huo utautuma kama ulivyo. Mwandishi akiona kwamba jambo alilolihesabu kuwa moyo wa hadithi halimo kabisa kwenye sentensi zako, ameshapata somo kubwa kabla hujatoa hoja hata moja.

Tuchukue mfano wa kubuni utakaotusaidia katika hatua zinazofuata. Neema ni fundi wa mitambo kwenye kituo kilichochimbwa chini ya ardhi ya Mirihi. Mtambo unaowapatia oksijeni unaharibika, na hewa iliyobaki ni ya saa tisa. Kituo kinasimamiwa na akili bandia inayoitwa Nahodha, nayo inakataa kufungua chumba cha vipuri. Katikati ya hadithi Neema anampigia mama yake aliye duniani. Mwishoni anakumbuka nywila ya siri, mlango unafunguka, watu watano wanapona.

Hatua ya 3: Tafuta jambo jipya lililobebwa na hadithi

Kila hadithi ya kisayansi inasimama juu ya "ingekuwaje kama". Ingekuwaje kama watu wangeweza kununua kumbukumbu za marehemu? Ingekuwaje kama mashine ndiyo yenye ufunguo wa hewa? Liandike hilo "ingekuwaje" kwa sentensi moja. Ukishindwa, au ukijikuta umeandika matatu, hilo nalo ni la kumwambia mwandishi: miswada mingi ya chipukizi ina roboti wenye hisia, wageni kutoka nyota nyingine na safari za wakati, vyote ndani ya kurasa kumi, na hakuna kilichopata nafasi ya kupumua.

Kisha fanya jaribio hili. Iondoe sayansi yote kichwani mwako. Kama kisa cha Neema kinaweza kuhamia kwenye mgodi wa kawaida, na mlinzi mkaidi akashika nafasi ya Nahodha, bila kupoteza kitu, basi sayansi hapo ni vazi tu. Sisemi hadithi hiyo ni mbaya. Nasema mwandishi aulizwe: ni kitu gani hapa kinachoweza kutokea Mirihi tu, na kwa mashine tu? Mlinzi unaweza kumlilia, kumhonga, kumchosha mpaka asinzie. Mashine haisinzii. Kama Neema hajakutana na tofauti hiyo hata mara moja, mwandishi ameacha mezani kitu kizuri kuliko vyote alivyokuwa navyo.

Angalia pia kama jambo jipya lina matokeo. Kituo ambacho mashine ina mamlaka juu ya hewa kitakuwa na watu wanaoizungumzia kwa namna fulani: wanaoiogopa, wanaoitania, wanaoibembeleza. Ukiona wahusika wote wanaishi kama watu wa leo, isipokuwa dakika ile mtambo unapoharibika, andika hivyo.

Hatua ya 4: Pima sayansi, lakini tenganisha makosa

Hapa ndipo watoa maoni wengi huharibu. Anayejua fizikia kidogo hugeuka mtahini, na asiyejua kitu hunyamaza kabisa. Wote wawili wangefanya vizuri zaidi kama wangetenganisha mambo matatu.

Kuna uongo wa makubaliano. Nyota iliyo jirani zaidi na Jua, Proxima Centauri, iko umbali wa takribani miaka ya nuru 4.2. Chombo cha anga Voyager 1, kilichorushwa mwaka 1977, kinakwenda kama kilomita 17 kwa sekunde, na kwa mwendo huo umbali kama ule ungechukua zaidi ya miaka 70,000. Mwandishi anayetaka wahusika wafike huko wakiwa hai pengine atabuni chombo kinachoipita nuru. Mpe. Uongo mmoja mkubwa uliowekwa wazi mapema ni haki yake, na ukiubishia unabishana na aina nzima ya uandishi huu.

Kuna makosa ya kutojua, yale ambayo mwandishi hakuyakusudia na hadithi haiyahitaji. Haya hujirudia, na yafaa uyajue. Mwaka wa nuru ni umbali, kama kilomita trilioni 9.46, kwa hiyo mhusika hawezi kusubiri miaka miwili ya nuru. Mlipuko kwenye ombwe hausikiki kwa aliye nje, maana hakuna hewa ya kubeba sauti. Wanaanga wa kituo cha kimataifa cha anga, kilomita 400 hivi juu yetu, hawaelei kwa sababu uvutano umekwisha. Uvutano wa pale ni karibu asilimia 90 ya huu wa ardhini, nao huelea kwa kuwa wanaanguka pamoja na kituo chao wakiizunguka dunia. Mtu akitupwa nje bila vazi la anga hagandi papo hapo, kwa sababu ombwe halina hewa ya kumpokonya joto upesi. Kinachomwahi ni kukosa oksijeni, na fahamu humtoka ndani ya sekunde chache. Dhoruba ya Mirihi nayo haipindui gari zito, kwani mgandamizo wa hewa ya huko kwa wastani haufiki hata asilimia moja ya huu wa duniani usawa wa bahari.

Halafu kuna kosa la tatu, ambalo ndilo zito kuliko yote: hadithi kuvunja sheria yake yenyewe. Tuseme ukurasa wa pili umesema Nahodha haiwezi kukataa amri ya fundi mkuu. Ukurasa wa sita Neema, ambaye ni fundi mkuu, anatoa amri na inakataliwa, na hakuna anayeshangaa. Hakuna kitabu cha fizikia kitakachokuonyesha kosa hilo, na huhitaji shahada kuliona. Msomaji akishaona sheria za ulimwengu huu zinabadilika kila mwandishi anapobanwa, taharuki inakufa, maana lolote linaweza kutokea. Ukiwa na muda wa kutaja kosa moja tu, taja la aina hii.

Kabla ya kusema "hili haliwezekani", kahakikishe. Na lililo sahihi pia liseme. Mtambo wa Neema si ndoto: mwaka 2021 kifaa kiitwacho MOXIE, kilichopelekwa Mirihi na gari la Perseverance, kilitoa oksijeni kutoka kwenye hewa ukaa ya sayari hiyo. Mara ya kwanza kilitoa gramu 5 na ushei, kiasi cha kumtosha mwanaanga kwa kama dakika kumi. Mwandishi akijua kwamba umeliona hilo, atakusikiliza kwa utulivu ukifika kwenye simu ya mama.

Simu yenyewe imeandikwa hivi:

"Mama, nisikilize," alisema Neema. "Tumebakiwa na hewa ya saa tisa."

"Usiseme hivyo mwanangu!" mama alimkatiza. "Baba yako yuko hapa, ongea naye."

Maoni mabaya: "Kisayansi hii haiwezekani. Ungefanya utafiti kwanza." Maoni haya ni ya kweli, lakini hayana faida. Mwandishi atafuta simu yote, na pengine hiyo ndiyo sehemu iliyomfanya aandike hadithi.

Maoni mazuri: "Ishara ya redio kati ya Mirihi na dunia huchukua dakika 3 hadi 22 kwenda tu, kutegemea sayari zimekaaje. Kwa hiyo mama hawezi kumkatiza. Zikiwa mbali kabisa, swali na jibu lake ni dakika 44, na kwenye saa tisa wataweza kubadilishana maneno kama mara kumi na mbili tu. Niliposoma hapa nilijiuliza Neema angeyatumiaje."

Tazama kilichofanyika. Kosa limetajwa kwa takwimu zake, mahali pake pameonyeshwa, na swali limeachwa wazi. Pengine mwandishi atakuja na mama anayesema maneno yake yote mfululizo asijue kama kuna mtu upande wa pili. Pengine atakuja na kitu ambacho mimi wala wewe hatukukiwaza. Lakini ukimwandikia wewe onyesho hilo, litakuwa lako.

Hatua ya 5: Pekua maelezo yaliyorundikwa

Ugonjwa wa pili wa miswada hii ni maelezo. Mwandishi amekesha wiki mbili akisoma habari za Mirihi na hataki hata tone limwagike. Dalili yake ya wazi ni wahusika wawili wanaoambiana mambo ambayo wote wanayajua:

"Kama unavyojua, Daktari Musa," alisema Neema, "mtambo wetu hufyonza hewa ukaa, ambayo ni asilimia 95 ya hewa ya Mirihi, na kuitenganisha kwa joto la nyuzi 800."

"Ndiyo, Neema," alijibu Daktari Musa, "na bila mtambo huo sote watano tungekufa."

Musa ameishi kituoni miaka sita. Usimwandikie tu mwandishi "maelezo mengi", kwa sababu hatajua akate nini. Mwambie ni habari zipi ulizihitaji ili uogope pamoja na wahusika: mtambo umesimama, hewa ni ya saa tisa, watu ni watano. Hizo zingetosha. Zile nyuzi 800 hukuzihitaji, labda kama mbele kuna mtu atakayeungua. Ukimwonyesha hivyo, atapata kipimo atakachoweza kukitumia kwenye kurasa nyingine bila wewe.

Hesabu pia majina ya kubuni kwenye ukurasa wa kwanza: sayari, makabila, vyeo, silaha, vifaa. Ukifika sita kabla hujajua nani anataka nini, andika idadi hiyo bila kuongeza neno. Mwandishi ataelewa.

Kinyume chake kipo. Kuna waandishi wanaoogopa maelezo kiasi kwamba msomaji anafika ukurasa wa tano hajui kama yuko ndani ya chombo, ndani ya ndoto, au hospitalini. Hao waambie ulichodhani na ulikidhani hadi wapi: "Mpaka ukurasa wa tano nilifikiri Nahodha ni binadamu." Inawezekana ndivyo alivyotaka. Inawezekana pia ataruka kitini kwa mshangao.

Hatua ya 6: Wahusika na mwisho

Kuhusu wahusika swali ni lile lile la hadithi zote: anataka nini, kinamzuia nini, anapoteza nini akikosa. Chipukizi wa hadithi za kisayansi husahau kwamba na mashine ni mhusika. Nahodha inakataa kufungua mlango; kwa nini? Kama jibu ni "kwa sababu ni mbaya", hadithi inapungua uzito. Kama imekokotoa kwamba hewa inawatosha watu wanne hadi msaada ufike, hapo kuna jambo la kutisha kweli, kwa sababu hesabu zake ni sahihi.

Mwisho wa hadithi upe muda wako. Nywila ya Neema inatokea ukurasa wa mwisho bila kutajwa kabla, na msomaji anahisi ameibiwa. Hapo usiseme "mwisho ni dhaifu". Rudi nyuma utafute mahali ambapo kitu cha kuokoa kingeweza kupandwa, kisha umweleze mwandishi kwamba ulikuwa unakitafuta: "Nilipoona nywila, nilirudi hadi mwanzo kuangalia kama nilipitwa. Sikuikuta." Mwandishi akisoma hivyo anajua aende wapi.

Kuna miisho ambayo wasomaji wa aina hii ya hadithi wameiona mara nyingi mno: kumbe ilikuwa ndoto, kumbe msimulizi ni roboti, kumbe wawili waliobaki hai ndio wazazi wa wanadamu wote. Mwandishi mpya hajui kwamba imezoeleka. Yeye amejibunia mwenyewe. Mwambie taratibu kwamba uliuona mwisho unakuja, na uliuona kuanzia mstari upi. Usimcheke.

Hatua ya 7: Lugha, kwa kiasi

Chagua aya moja tu, ipigie mistari, onyesha tabia inayojirudia: sentensi ndefu zisizopumua, "ghafla" kila aya, wahusika wote wanaoongea kwa sauti moja. Tabia ikionekana kwenye aya moja, mwandishi ataiona kwenye nyingine. Usafi wa tahajia uachie rasimu ya mwisho.

Hatua ya 8: Andika maoni yako

Sasa soma mara ya pili, polepole, ukizifuata alama zako. Utakuta nyingi hazina uzito tena. Chagua mambo matatu makubwa. Ya nne na kuendelea yaache, au yaweke mwishoni kwa mstari mmoja mmoja. Mtu hawezi kurekebisha mambo kumi na mbili kwa pamoja. Atarekebisha yale rahisi na kuyaacha makubwa.

Zungumzia maandishi, usimzungumzie mtu. "Ukurasa wa tatu ulinichanganya" ni tofauti kabisa na "unachanganya mambo". Jitaje mwenyewe: nilidhani, nilisimama, sikuamini, nilicheka. Hayo hayabishaniki, kwa kuwa ni mambo yaliyokutokea wewe. Sifa nazo ziwe na anwani. "Umeandika vizuri" haimfundishi kitu, lakini sifa inayotaja mstari inamfundisha asiufute kwa bahati mbaya.

Barua ya maoni kwa mwandishi wetu inaweza kuwa hivi:

"Habari za kazi, ndugu. Asante kwa kuniamini na mswada wako, nimeusoma mara mbili. Kisa nilichokipata ni hiki. Fundi anayeitwa Neema ana saa tisa za kuishi. Mashine inayosimamia kituo inamzuia kufika kwenye vipuri. Mwishoni anaishinda kwa nywila aliyokuwa ameisahau.

Pale Neema anapohesabu pumzi za wenzake waliolala, ukurasa wa nne, nilijikuta nahesabu za kwangu. Hata ukibadilisha mengine yote, naomba aya hiyo ibaki.

Mambo matatu yalinisimamisha. La kwanza ni mamlaka ya Nahodha: ukurasa wa pili haiwezi kumkataa fundi mkuu, ukurasa wa sita inamkataa. Nilidhani kuna siri itakayofichuliwa, nikaingoja hadi mwisho. La pili ni nywila, sikuona ilikotoka. La tatu ni simu ya mama. Nimekuwekea takwimu za muda wa mawasiliano pembeni ya ukurasa. Mama mwenyewe nilimpenda, na nilishangaa kwamba harudi tena baada ya pale, wala muhtasari wangu hapo juu haumtaji.

Swali moja nililobaki nalo: Nahodha inaamini inafanya nini?

Mengine madogo yako pembeni. Ukitaka tuongee, niko tayari wiki ijayo."

Barua hiyo ni fupi, na imechukua muda mrefu kuliko ingechukua barua ya kurasa nne.

Mkiwa kikundi

Waandishi wa hadithi za kisayansi wana desturi yao ya miaka mingi. Mwaka 1956, mjini Milford, Pennsylvania, Marekani, mwandishi Damon Knight na wenzake walianza kukutana kusomeana miswada, na utaratibu wao ukaenea hadi kwenye mafunzo ya waandishi ya Clarion yaliyoanza mwaka 1968. Kila mmoja awe ameshasoma. Wanazunguka kwa zamu, kila mtu na dakika zake chache, na mwandishi ananyamaza muda wote. Akishamaliza wa mwisho, ndipo anapewa nafasi ya kujibu. Kimya hicho kina sababu: mwandishi akianza kufafanua "nilimaanisha hivi", wasomaji wataanza kuihukumu tafsiri yake na kuusahau mswada. Ukikuta mwenzako ameshasema hoja yako, sema "nakubaliana" na upokeze zamu.

Utaratibu huo ni mkali kwa mtu anayeleta hadithi yake ya kwanza maishani. Kwa huyo napendelea mpango uliobuniwa mwaka 1990 na Liz Lerman, mtunzi wa dansi wa Marekani. Kwanza wasomaji wanasema kilichowagusa. Kisha mwandishi anauliza maswali yake. Kisha wasomaji wanauliza yao, yasiyobeba hukumu ndani. Maoni yenyewe huja mwisho, na kila anayetaka kuyatoa huomba ruhusa: "Nina maoni kuhusu simu ya mama, ungependa kuyasikia?" Na mwandishi anaweza kusema hapana. Shida yake ni kwamba swali lisilo na hukumu ni gumu kulitunga, "kwa nini uliweka mwisho mbovu?" halipiti.

Baada ya kutuma

Mswada ni mali ya mwandishi. Usiwapelekee wengine, usiupakie kwenye programu za akili bandia kupata muhtasari wa haraka, na usisimulie kisa chake kwa watu, mpaka uwe umemwomba ruhusa naye amekubali.

Akikujibu kwa kujitetea, usirudi na hoja mpya. Jibu maswali yake tu. Maoni hukaa siku kadhaa kabla ya kukubalika, na baadhi yake hayatakubalika kamwe, ambayo ni haki yake. Wasomaji watatu wakisema kitu kimoja, ataona mwenyewe. Akitokea msomaji mwingine aliyeipenda simu ya mama kama ilivyo, usianze mabishano naye mbele ya mwandishi.

Rasimu ya pili ikija, isome kama mgeni, bila kufungua barua yako ya kwanza. Weka alama zako nne upya na uandike muhtasari upya. Ukimaliza, weka mihtasari miwili pamoja, uitume yote. Hoja yako ya zamani ambayo mwandishi hakuifanyia kazi usiirudie, isipokuwa kama imekusimamisha tena mahali pale pale.